Kihisi cha sukari kikae mkononi siku zote 14: mwongozo kamili

Malalamiko yanayonifikia ni yaleyale matatu. Kihisi kimebanduka siku ya nne. Kihisi kinapiga kelele usiku wa manane kwamba sukari imeshuka, ukichoma kidole unakuta 6.2 (namba zote za sukari humu ni za mmol/L). Kihisi kimegoma kuwaka tangu mwanzo. Lawama huenda kwa kiwanda, lakini ukifuatilia kisa chenyewe unakuta ngozi ilipakwa losheni asubuhi, mtu alilalia mkono, au boksi lilisafiri siku nzima juani.

Ninazungumzia vihisi vya kupima sukari mfululizo, vile visahani vyeupe vinavyogandishwa juu ya ngozi, vyenye uzi mwembamba unaopinda ambao huingia chini ya ngozi kiasi cha milimita 5. Mfano wangu ni FreeStyle Libre 2 ya Abbott, inayodumu siku 14. Dexcom G7 ya kawaida hudumu siku 10. Kuandaa ngozi ni kulekule kwa vyote, na pale vinapoachana nitataja. Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi isome pia, na kipimo chako cha insulini kibaki kati yako na daktari wako.

## Kusanya hivi kabla ya kufungua boksi

- Kihisi na kipachikio chake (kifaa cha kukisukumia kwenye ngozi), tarehe ikiwa haijapita.
- Simu yenye NFC (uwezo wa simu kusoma kifaa kwa kukigusa), au kisomaji cha kampuni, yaani kifaa chake cha kusomea kihisi.
- Sabuni ya kawaida isiyo na krimu.
- Vitambaa vya spiriti, au pamba na spiriti ya kusafishia jeraha.
- Taulo kavu, na wembe mpya kama mkono una vinyweleo vingi.
- Plasta ya juu iliyotobolewa katikati.
- Mashine ya kupima sukari kwa kidole pamoja na stripu zake. Kihisi hakiistaafishi.
- Glukosi ya unga, sukari, au soda ya kawaida.
- Kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, la kutupia sindano.

Mambo mawili yahakikishe kabla hujatoa pesa. La kwanza ni simu. Simu nyingi za bei nafuu tunazonunua hazina NFC, na bila hiyo Libre 2 haiwezi kuanzishwa kwa simu. Ingia kwenye mipangilio, andika NFC kwenye sehemu ya kutafutia. Isipotokea, itakubidi upate kisomaji. Hakikisha pia kwamba programu yake inapatikana kwenye duka la programu la nchi yako. Vifaa vilivyotengenezwa kwa masoko tofauti wakati mwingine hukataana, kwa hiyo ndugu aliyeko Marekani akikutumia kihisi, mwambie asikitume peke yake kabla hamjajua kitasomwa na nini.

La pili ni joto. Ndani ya ule uzi kuna kimeng'enya, na kimeng'enya huharibiwa na joto. Kiwango cha kuhifadhi kimechapishwa kwenye boksi. Kwa vihisi vingi kikomo cha juu ni kati ya nyuzi 25 na 30. Parseli iliyokaa karibu na injini ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya imeshavuka hapo zamani. Nyumbani, kama chumba chako ni cha moto, weka boksi sehemu ya chini ya friji, mbali kabisa na barafu. Kihisi kilichoganda hakifai tena.

## Hatua ya 1: Chagua mahali

Libre huwekwa nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko. Hapo kuna mafuta kidogo chini ya ngozi na ngozi haijikunji sana unaposogea. Tumboni au pajani usijaribu kwa Libre, hata kama umeona mtu mtandaoni amefanya hivyo: haikupimwa kwa sehemu hizo, na namba zake huna la kuzilinganisha nalo.

Simama mbele ya kioo, kunja na kunjua mkono, uone sehemu isiyojikunja. Epuka makovu, mabaka, uvimbe na mistari ya kutanuka kwa ngozi. Kaa angalau sentimita 2.5 mbali na pale unapochoma insulini.

Halafu fikiria maisha ya huo mkono. Unalalia upande gani? Mkoba unaning'inia bega gani? Mtoto unambeba upande gani? Konda anayeegemea mlango wa daladala kutwa nzima kwa mkono wa kushoto abandike kulia. Dakika moja ya kuwaza hapa inaokoa kihisi kizima.

Kwa mzee aliyekonda au mtoto mwembamba, finya ngozi kwa vidole viwili. Ukishika nyama laini kidogo, panafaa. Ukishika ngozi na msuli tu, sogea. Libre 2 imeruhusiwa kuanzia miaka 4, na mtoto asimamiwe na mtu mzima.

## Hatua ya 2: Andaa ngozi, bila haraka

Hapa ndipo vihisi vingi hufia, na ndiyo maana hatua hii ni ndefu kuliko ile ya kubandika kwenyewe.

Gundi hushika ngozi, haishiki mafuta. Siku ya kubandika usipake mafuta ya nazi, losheni wala poda kwenye mikono. Osha eneo kwa sabuni ya kawaida na maji. Sabuni zenye krimu ya kulainisha ngozi huacha utando usiouona, ziache. Kausha kwa taulo.

Nyoa vinyweleo kama ni vingi. Vinyweleo huinua gundi, na siku ya kubandua utavilipia kwa machozi.

Pitisha spiriti, kisha subiri ikauke yenyewe. Usipulize kwa mdomo, kwa sababu pumzi ina unyevu na vijidudu. Usibandike spiriti ikiwa bado mbichi: uzi utapita kwenye spiriti, utawasha, na gundi haitashika.

Tatizo letu watu wa pwani ni jasho. Ukitoka kuoga maji ya moto, au umeingia tu kutoka juani, mwili unaendelea kutoa jasho hata kama ngozi inaonekana kavu. Kaa mbele ya feni robo saa. Bandika jioni au asubuhi mapema, wala usichague saa nane mchana.

Utajua umefanikiwa: bandika kipande kidogo cha plasta ya kawaida pembeni ya eneo, kisha kivute. Kikivuta ngozi pamoja nacho, uko tayari. Kikiteleza, rudia kuosha.

## Hatua ya 3: Pachika

1. Fungua pakiti ya kihisi na ufungue kifuniko cha kipachikio. Linganisha alama nyeusi za vyote viwili.
2. Weka pakiti juu ya meza ngumu na ukandamize kipachikio hadi kisimame. Kitandani usifanye, godoro hubonyea na kihisi hakikai sawasawa.
3. Inua kipachikio. Sasa ndani kuna sindano, kwa hiyo usiingize kidole na usirudishe kifuniko.
4. Legeza mkono. Msuli uliokazwa huongeza maumivu na damu.
5. Weka kipachikio wima juu ya ngozi, sukuma kwa nguvu moja hadi usikie mlio. Tulia kidogo, kisha kivute taratibu.
6. Zungusha kidole kwenye ukingo wa gundi kwa nusu dakika. Joto la kidole husaidia gundi kushika.

Sindano hutoka na kipachikio. Kinachobaki mwilini ni ule uzi tu, na ndiyo maana hausikii kitu baadaye.

Tone dogo la damu ni la kawaida. Damu inayoendelea kutoka na kujaza tundu la katikati si ya kawaida: kibandue, weka kingine mahali pengine. Maumivu yasiyoisha baada ya saa moja nayo ni dalili kwamba uzi umekaa vibaya.

Kama utatumia plasta ya juu, iweke sasa, gundi ikiwa bado kavu. Tundu dogo lililo katikati ya kihisi lisizibwe. Na usiweke plasta juu ya kihisi kilichokwisha kuanza kubanduka ukitegemea miujiza. Uzi ukishasogea, namba zimeshaharibika.

## Hatua ya 4: Washa, kisha usikiamini kwa siku moja

Ukitaka kutumia kisomaji na simu kwa pamoja, anza na kisomaji, halafu simu. Ukianza na simu, kisomaji hakitakipokea kihisi hicho.

Gusisha simu na kihisi. Sehemu ya NFC ya simu nyingi iko nyuma, karibu na kamera, hivyo sogeza polepole hadi itetemeke. Libre 2 itakwambia usubiri dakika 60. Dexcom G7 husubiri dakika 30.

Simu nyingi za Android huua programu zilizo nyuma ili kuokoa chaji, na kengele ya usiku hufa nazo. Ondoa programu ya kihisi kwenye udhibiti wa betri, ruhusu arifa zake, acha Bluetooth ikiwa imewashwa, na usiache hali ya kimya ifunike kengele. Simu ikae ndani ya mita 6. Ukiiacha jikoni ikichajiwa usiku, hutasikia kitu.

Saa 24 za mwanzo mwili bado unatulia kutokana na kile kijeraha, na namba zinaweza kuyumba. Siku hiyo choma kidole kabla ya kuamua lolote kuhusu insulini.

Utajua umefanikiwa: siku ya pili, sukari ikiwa imetulia, nawa mikono na ulinganishe. Nawa kweli, maana aliyetoka kumenya embe atajipatia 15 ya uongo. Kidole kikisema 3.9 au zaidi, kihisi kiwe ndani ya asilimia 20 ya namba hiyo. Chini ya 3.9, tofauti isizidi 1.1. Kidole kikisema 10 na kihisi 8.7, hakuna ubaya. Kikisema 10 na kihisi 5, tena zaidi ya mara moja, piga simu ulikonunua.

## Hatua ya 5: Soma mshale kabla ya namba

Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli, ambako sukari hufika ikiwa imechelewa dakika kama 5 hadi 10. Sukari ikiwa imetulia, huoni tofauti. Ikipanda baada ya chai na chapati mbili, au ikishuka baada ya kulima, kihisi kiko nyuma ya damu.

Kando ya namba kwenye skrini kuna mshale. Mshale wa kulala maana yake ni kwamba sukari haijasogea sana. Mshale wa kushuka wima maana yake inapungua zaidi ya 0.1 kwa dakika. Piga hesabu: uko 5.5 na mshale unaelekea chini wima, robo saa ijayo unaweza kuwa chini ya 4. Kwa mtu anayetaka kuendesha bodaboda, hiyo 5.5 si salama hata kidogo. Mwenzake mwenye 5.5 na mshale uliolala anaweza kwenda zake.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, tumia gramu 15 za sukari ya haraka: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au kama mililita 150 za soda ya kawaida. Subiri dakika 15, kisha pima kwa kidole. Kihisi kitakuwa bado kinaonyesha chini wakati damu imeshapanda, na anayekisikiliza hapa hunywa soda tatu halafu anajikuta 17.

Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi. Namba iko 14, umechoma insulini, saa moja baadaye bado ni 13, unachoma tena. Insulini ya haraka hufanya kazi kwa saa 3 hadi 5. Ya kwanza haijamaliza, ya pili inapanda juu yake, na zote zinakukuta usingizini.

Choma kidole kila mara mwili na skrini visipokubaliana. Unatetemeka na jasho linakutoka huku skrini ikisema 7? Amini mwili, pima. Umetapika au umeharisha sana? Upungufu wa maji mwilini unaweza kuvuruga namba. Mwenye kisukari aina ya kwanza anayetapika huku sukari iko juu ya 14 apimwe ketoni (asidi zinazojaa damuni insulini ikipungua) na awahi hospitali.

## Hatua ya 6: Usiku, maji na jasho

Zile kengele za usiku wa manane mara nyingi ni mkono uliolaliwa. Uzito wa mwili hukamua majimaji pale uzi ulipo, kihisi kinaona sukari kidogo na kulia. Kwenye grafu utaiona: mstari unaporomoka ghafla, kisha unarudi juu ghafla ukijigeuza. Sukari iliyoshuka kweli huwa na mteremko wa polepole. Hata hivyo usizime kengele na kulala. Pima kidole kwanza.

Kuoga hakuna shida. Libre 2 huvumilia maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Kuogelea Coco Beach pale maji yanapofika kifuani, sawa. Kuzamia pweza, hapana. Ukitoka majini, kausha kwa kugusisha taulo, usisugue.

Ukingo ukianza kuinuka, kata kipande kilicholegea kwa mkasi, futa mafuta kuzunguka, weka plasta. Usiuvute kuona kama bado umeshika.

Muwasho kidogo siku mbili za mwanzo hupita. Malengelenge au wekundu unaofuata umbo kamili la gundi ni mzio, na baadhi ya watu wamepata mzio wa kemikali za gundi za vihisi hivi. Kibandue, umwone daktari wa ngozi, na usirudie aina hiyo kabla ya ushauri.

## Dawa zinazodanganya kihisi

Vitamini C nyingi, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, inaweza kuifanya Libre 2 ionyeshe sukari ya juu kuliko ilivyo. Vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vyenye miligramu 1000, vimo humo. Hatari yake iko wazi: utachoma insulini kushusha sukari ambayo haipo.

Kwa Dexcom, ya kuogopwa ni haidroksiyurea, dawa wanayopewa wengi wenye selimundu. Huinua namba kwa uongo vilevile. Mwenye selimundu na kisukari aseme mapema kabla ya kuchaguliwa kihisi. Na kwa kuwa kipimo cha HbA1c chenyewe (cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) hupotosha kwa mtu mwenye selimundu, huyu ndiye anayefaidika sana akipata kihisi kinachomfaa.

Kabla ya MRI, waambie wahudumu una kihisi, na ukitoe wakikuambia. Vivyo hivyo kwa eksirei na CT.

## Kwa wanaofunga Ramadhani

Kengele ya chini iweke juu kidogo kuliko kawaida, kwa mfano 4.5, upate muda wa kufikiri. Miongozo ya kisukari na Ramadhani inasema ufungue sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.7, hata kama magharibi imebaki nusu saa. Hiyo nusu saa ndiyo watu huibishania, na ndiyo mara nyingi huwafikisha hospitali. Zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama, maana dozi za daku na futari si zile za siku za kawaida.

## Kama una uwezo wa kihisi kimoja tu

Bei inauma, na si aibu kusema hivyo. Kihisi kimoja kila baada ya miezi mitatu bado kina faida kubwa, kwa sababu siku 14 za kumbukumbu zisizo na mapengo makubwa zinatosha kumwonyesha daktari mwenendo wako. Kibandike wiki mbili kabla ya kliniki.

Libre 2 huhifadhi kumbukumbu za saa 8 tu ndani yake. Kama simu haiko karibu kupokea, gusisha kabla ya kulala na mara tu unapoamka. Ukikaa saa 11 bila kugusisha, saa 3 zimepotea.

Kula unavyokula siku zote. Kuna watu wakishabandika kihisi wanaishi kwa mchicha na maji ya ndimu wiki mbili nzima, ili grafu ipendeze mbele ya daktari. Huko ni kununua kioo cha bei mbaya ukajitazama umefumba macho. Kula ugali wako, kesho yake wali kiasi kilekile, kesho kutwa wali uleule ukifuatiwa na matembezi ya dakika 20. Andika kwenye daftari saa, chakula na dozi, kwa sababu grafu bila daftari haimwambii daktari kilichotokea saa saba.

Kwa watu wazima wengi lengo ni kukaa kati ya 3.9 na 10 angalau asilimia 70 ya muda, na chini ya 3.9 isifike asilimia 4. Kwa mzee au mtu dhaifu, asilimia 50 inatosha, lakini muda wa chini ya 3.9 usifike asilimia 1. Babu wa miaka 80 asilazimishwe namba za kijana.

## Hatua ya 7: Kubandua na kutupa

Siku ya 14 kihisi hujizima chenyewe. Lowesha ukingo kwa mafuta ya nazi au ya mtoto, subiri dakika 5, kisha vuta taratibu kufuata ngozi, usivute kwenda juu. Tazama uzi: uwe umetoka mzima. Ukionekana umekatika na ngozi inauma au inavimba, nenda kituo cha afya.

Osha mafuta yote, uache mkono huo upumzike. Kihisi kipya kiende mkono wa pili.

Kipachikio kina sindano, kwa hiyo kiingie kwenye lile kopo gumu na kopo lipelekwe kituo cha afya kunakokusanywa sindano. Kihisi chenyewe kina betri ndani. Usikitupe kwenye takataka zinazochomwa uani, kwa sababu betri inaweza kulipuka motoni. Waulize kituoni kama watakipokea pamoja na kopo.